Kaya ya Katikati Kwale Inaishi kwa Shilingi Ngapi?

Ukitaka kujua Kwale ina watu wangapi, sensa ya 2019 itakujibu bila kusita: 866,820. Ukitaka kujua kaya ya kawaida ya Kwale inapata shilingi ngapi kwa mwezi, na kama hali yake imekuwa nafuu au mbaya tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, hapo utahangaika. Si kwamba tarakimu hazipo. Zipo, na husemwa kwa sauti ya uhakika kwenye mikutano ya hadhara na vikao vya bajeti. Ila ukizifuata hadi zilikotoka, nyingi utakuta zilikuwa zinajibu swali jingine kabisa.

Nimeichagua Kwale makusudi. Ni kaunti ya mashambani kwa sehemu kubwa, lakini ina Diani na hoteli zake, ilikuwa na mgodi mkubwa wa madini, na ukivuka vilima vya Shimba kuelekea Kinango unaingia nchi kavu ya mifugo na mahindi yanayokauka kabla ya kubeba. Mahali kama hapo hesabu ya mapato inaweza kukupoteza bila wewe kujua umepotea.

Chukua nyumba tano za kubuni kando ya barabara ya Ukunda. Ya kwanza ni ya mkwezi wa minazi, anapata shilingi 8,000 kwa mwezi. Ya pili ni ya mama muuza mahamri na viazi karai, 11,000. Ya tatu ni ya kijana wa bodaboda, 14,000. Ya nne ni ya mwalimu, 35,000. Ya tano ni ya bwana mwenye nyumba za kupangisha watalii, 400,000. Jumlisha, gawa kwa tano: wastani ni shilingi 93,600. Hakuna hata mmoja kati yao anayeishi maisha ya shilingi 93,600. Sasa wapange foleni kuanzia mwenye kidogo hadi mwenye kingi, umwulize aliyesimama katikati. Atakuwa yule wa bodaboda, na jibu ni 14,000. Mwaka ujao watalii wakimiminika na bwana wa tano akapata 800,000, wastani unaruka hadi 173,600, huku katikati pakibaki palepale.

Wataalamu humwita huyu wa katikati mediani. Magazeti yetu huita vyote viwili wastani, na sijui ni mara ngapi nimesoma kichwa cha habari kikisema wananchi wa kaunti fulani wamepanda kipato, kumbe aliyepanda ni bwana wa nyumba ya tano.

Kwale ilipata toleo kubwa zaidi la kosa hilo. Kampuni ya Base Titanium ilianza kusafirisha mchanga wa madini kupitia Likoni mapema 2014, ikamaliza kuchimba mwishoni mwa 2024. Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, lilipotoa kwa mara ya kwanza hesabu za pato la kila kaunti mwaka 2019, zikihusu miaka ya 2013 hadi 2017, thamani ya madini hayo ilikuwa na mahali pake ndani ya pato la Kwale. Ni sawa kihesabu, kwa kuwa pato la kaunti hupima kilichozalishwa ndani ya mipaka. Lakini faida ya mgodi haikulala Kwale, na hata mishahara iliyolala Kwale haikulala Kinango. Anayechukua pato la kaunti, akaligawa kwa idadi ya watu, kisha akaliita kipato cha mwananchi, amepima mgodi.

"Hizo nazo zina bei?"

Tuseme basi tunaachana na pato la kaunti na kwenda nyumba kwa nyumba. Ungetarajia karani wa takwimu aulize tu: unapata shilingi ngapi? Haulizi hivyo, au akiuliza hategemei sana jibu hilo. Mazungumzo yenyewe, ukiyasikiliza kwenye baraza ya nyumba upande wa Matuga, huenda hivi.

"Mama, kwa siku saba zilizopita mmetumia unga wa mahindi kiasi gani?"

"Wa kununua au wa shamba?"

"Wote."

"Wa duka pakiti mbili. Wa shamba, debe lilikuwa hapa, sasa liko hapa." Anaonyesha kwa kiganja ukutani.

"Na nazi?"

"Kila siku moja, mbili wakija wageni."

"Mlinunua ngapi?"

"Nazi? Hizo si zetu, mwanangu, mnazi si huo hapo. Hizo nazo zina bei?"

Zina bei, na ugumu wote wa kazi hii umejificha katika swali la mama huyo. Nazi iliyoanguka uani ikakunwa ikaingia kwenye mchuzi ni kipato, kwa sababu jirani asiye na mnazi angelazimika kuinunua. Karani ataiandika, na baadaye ofisini itapewa bei ya soko la karibu. Mchicha wa nyuma ya nyumba vilevile, muhogo vilevile, kunde vilevile, fungu la samaki alilopewa na shemeji wa Tiwi vilevile. Ukiviacha nje, kaya ya shambani itaonekana inakufa njaa huku watu wake wanakula mara mbili kwa siku. Ukivipa bei ya Kongowea, soko kubwa la Mombasa, badala ya bei ya kijijini, kaya hiyohiyo inatajirika kwa kalamu.

Halafu kuna fedha taslimu zenyewe. Mume anafanya kibarua wiki mbili, wiki ya tatu hakuna. Kijana aliye Mombasa anatuma M-Pesa akikumbuka. Korosho huuzwa mwisho wa mwaka, na mbuzi huuzwa shule zikifunguliwa. Ukimuuliza mama huyo mapato ya mwezi uliopita atakujibu kwa kweli yake, na jibu litategemea mwezi uliokuja nao. Na akidhani wewe umetumwa na watoza ushuru, au kinyume chake umekuja kuandikisha wa kupewa msaada, atapunguza. Simlaumu, ningepunguza na mimi.

Ndiyo maana Kenya, kama nchi nyingi ambako watu wengi hawana hati ya mshahara, hupima matumizi badala ya mapato. Mapato huruka kama panzi, matumizi hutembea. Familia ikipata nyingi huweka akiba kidogo au hulipa deni la duka, ikikosa hukopa au huuza kuku, na sufuria inabaki kwa kiwango kinachokaribiana. Kwa hiyo mtu akikuambia anajua "mapato ya kati ya kaya" ya kaunti ya mashambani nchini Kenya, mara nyingi anazungumzia matumizi yaliyovaa koti la mapato. Si udanganyifu, ilimradi aseme.

Utafiti mkubwa wa aina hii uliofanyika tangu kaunti zianze ni ule wa bajeti za kaya wa 2015/16. KNBS ilichagua kaya 24,000 katika maeneo 2,400, kaya 10 kila eneo, kazi ikachukua miezi 12 kuanzia Septemba 2015 ili kila msimu uguswe. Uliundwa kwa nia ya kuzungumzia kila moja ya kaunti 47. Uliotangulia, wa 2005/06, ulikuwa na kaya kama 13,400 na ulifuata wilaya za zamani.

Kumtafuta wa katikati kwa mlango wa nyuma

Ripoti ya 2015/16 haikutangazwa kwa lugha ya kipato cha katikati. Ilitangazwa kwa lugha ya umaskini: asilimia ngapi ya watu wako chini ya mstari, yaani hawafikii matumizi ya kujikimu. Lakini kwa Kwale, bahati ya ajabu, asilimia hiyo inatufungulia mlango wa nyuma.

Mstari wa umaskini kwa mashambani uliwekwa kwenye shilingi 3,252 kwa mwezi kwa kila mtu mzima, na mjini 5,995. Kwale ilionekana kuwa na asilimia 47.4 ya watu wake chini ya mstari. Sasa fikiria ile foleni yetu. Ikiwa watu 47 kati ya kila 100 wako chini ya mstari, basi mtu wa 50, yule wa katikati, amesimama hatua chache tu juu yake. Huhitaji kuziona data zenyewe. Mtu wa katikati wa Kwale ya mashambani, mwaka 2015/16, alikuwa anaishi kwa matumizi yanayozidi kidogo shilingi 3,252 kwa mwezi.

Hapo kuna neno dogo linalohitaji kufunguliwa: "kila mtu mzima". Mtoto mchanga hali chakula sawa na baba yake, kwa hiyo wanatakwimu wa Kenya humhesabu mtoto wa miaka 0 hadi 4 kuwa sawa na 0.24 ya mtu mzima, wa miaka 5 hadi 14 kuwa 0.65, na kuanzia 15 ni mtu kamili. Kaya ya baba, mama, na watoto wa miaka 3, 8 na 12 si watu watano kwa hesabu hii. Ni 1 na 1 na 0.24 na 0.65 na 0.65, jumla 3.54. Zidisha kwa 3,252, unapata shilingi 11,512. Kaya kama hiyo, ikiwa imesimama karibu na katikati ya foleni ya Kwale wakati ule, ilikuwa inaishi kwa kitu cha shilingi 11,500 na zaidi kidogo kwa mwezi, zikiwemo nazi za uani.

Hii ni njia ya mkato, na mikato ina miiba. Ukunda ni mji, na mstari wake ni ule wa juu, kwa hiyo asilimia moja ya kaunti nzima imechanganya mistari miwili. Tena umaskini huhesabiwa kwa vichwa vya watu, ilhali sisi tunauliza kuhusu kaya. Kaya maskini kwa kawaida huwa na watu wengi zaidi, kwa hiyo ukizipanga kaya badala ya watu, ya katikati itakuwa juu ya mstari zaidi kidogo kuliko mtu wa katikati. Na mlango huu wa nyuma haufunguki kila mahali. Turkana, ambako asilimia 79.4 walikuwa chini ya mstari katika utafiti huohuo, mstari uko mbali sana juu ya mtu wa katikati, na asilimia peke yake haikuambii yuko chini kiasi gani.

Mwiba mkubwa kuliko yote ni ukubwa wa sampuli. Kati ya kaya 24,000 zilizochaguliwa, zilizohojiwa hadi mwisho zilikuwa kama 21,800. Gawa kwa kaunti 47, unapata kama kaya 460 kila moja. Kaya 460 zikisimama kwa niaba ya kaunti nzima, ya katikati ni ya 230. Lakini ungechagua kaya nyingine 460 kwa bahati nasibu ileile, yule uliyemwona wa 230 angeweza kuangukia popote. Hesabu ya uwezekano inasema kwamba katikati halisi ya kaunti ina nafasi ya 95 kwa 100 ya kuwa kati ya kaya ya 209 na ya 251 katika foleni yako. Hapo tunadhani kila kaya ilichaguliwa peke yake. Uhalisia ni kwamba zilichaguliwa kumikumi, na kaya 10 za kijiji kimoja hufanana: mvua iliyowanyima ni moja, soko ni moja, na barabara mbovu ni hiyohiyo. Kwa hiyo ukungu ni mnene zaidi ya hapo. Anayetoa kadirio la kaunti kwa shilingi kamili, bila kutaja upana wa ukungu huo, usimwamini hata akivaa tai.

Rula inayobadilika

Hadi hapa tumepiga picha moja. Swali la awali lilikuwa la filamu: je, imepanda au imeshuka?

Cha kwanza kinachovuruga ni bei, na hiki wengi wanakijua ila wanakisahau wanapofurahi. Mstari wa umaskini wa mashambani mwaka 2005/06 ulikuwa shilingi 1,562. Miaka kumi baadaye ulikuwa 3,252, yaani mara 2.08. Kaya iliyokuwa inatumia shilingi 10,000 kwa mwezi wakati wa kwanza ilihitaji kama 20,800 wakati wa pili ili kubaki palepale. Iliyofika 17,000 ingeweza kuapa kwamba imeendelea, na kwa noti mkononi ni kweli, lakini sufuria yake imepungua. Ukichora kipato cha kaunti kwa shilingi za kila mwaka bila kuondoa mfumuko wa bei, mstari hupanda daima. Sijaona kaunti ambayo mchoro wake wa namna hiyo unashuka, na ndiyo sababu wanasiasa wanaupenda.

Cha pili ni kaya yenyewe. Tuseme baba na mwanawe wanaishi nyumba moja Msambweni, baba anaingiza 12,000, kijana 8,000. Kaya moja, shilingi 20,000. Kijana anaoa, anajenga chumba chake hatua ishirini kutoka kwa babake, anapika kwake. Karani akija sasa ataandika kaya mbili, moja ya 12,000 na nyingine ya 8,000. Hakuna aliyepoteza hata senti, harusi ilifana, lakini kipato cha kaya kimeanguka. Mwaka 2019 kaya ya Kenya ilikuwa imefika watu 3.9 kwa wastani, na kila inapopungua, takwimu za "kwa kaya" hushuka zenyewe kidogokidogo. Ndiyo maana hesabu ya kila mtu mzima, pamoja na ugumu wake, ni ya haki zaidi ukilinganisha miaka iliyoachana.

Mipaka nayo. Kaunti 47 za Katiba ya 2010 zilifuata wilaya za 1992, lakini kufikia 2005/06 baadhi ya wilaya hizo zilikuwa zimeshakatwakatwa, na utafiti wa mwaka huo ulikuta wilaya 69. Anayetaka kulinganisha lazima aziunganishe vipande upya. Kwale ilibahatika: Kinango na Msambweni zilifanywa wilaya baada ya utafiti huo kukamilika.

Halafu kuna rula yenyewe. Tangu 2019 KNBS imekuwa na utafiti wa kaya unaoendelea mwaka hadi mwaka, badala ya kusubiri miaka kumi. Ni hatua nzuri mno. Lakini ni utafiti mwingine, na ukiweka matokeo yake kando ya yale ya 2015/16 unalinganisha rula mbili pamoja na miaka miwili. Kitaifa umaskini ulikuwa asilimia 46.6 mwaka 2005/06, ukashuka hadi 36.1 mwaka 2015/16, ukawa 39.8 mwaka 2022. Katikati ya hapo palikuwa na korona na misimu mitano mfululizo ya mvua iliyokosa. Ni kiasi gani cha mabadiliko hayo ni maisha na ni kiasi gani ni rula? Kwa taifa zima unaweza kujadili. Kwa kaunti moja, mjadala huwa mgumu kwa sababu ya ule ukungu wa sampuli: Turkana ilitoka asilimia 77.7 mwaka 2021 ikawa 82.7 mwaka 2022. Pointi tano kwa mwaka mmoja wa ukame zinaaminika. Zinaaminika pia kama mtikisiko tu wa bahati nasibu. Huwezi kujua kwa kuzitazama.

Kuazima nguvu

Wamarekani waligonga ukuta huu mapema, ingawa ukuta wao ni mwembamba kuliko wetu. Nchi yao ina kaunti zaidi ya 3,100, na nyingi ni ndogo. Utafiti wao wa kila mwaka hutuma maswali kwa anwani kama milioni 3.5, na bado hawatoi makadirio kamili ya mwaka mmoja kwa eneo lenye watu chini ya 65,000. Kwa maeneo madogo huunganisha majibu ya miaka mitano na kuyatoa kama kitu kimoja, ndiyo kusema kaunti iliyopigwa na ukame mwaka jana huonekana imechovywa kwenye miaka minne ya nafuu. Kwale ingekipita kizingiti chao mara 13. Tofauti ni kwamba huku tunachovya kaya 24,000 kwa nchi nzima.

Dawa yao ilianza na watu wawili wa ofisi yao ya sensa, Robert Fay na Roger Herriot, walioandika mwaka 1979 kuhusu jinsi ya kukadiria mapato ya vijiji vyenye watu chini ya 1,000. Wazo lao ni rahisi kuliko fomula yake. Kijiji kidogo kina jibu lake la utafiti, lakini linatikisika. Pembeni kuna rekodi nyingine ambazo hazipimi mapato moja kwa moja ila hutembea nayo, kama marejesho ya kodi. Kwa kutumia vijiji vyote pamoja unajifunza rekodi hizo zinaashiria mapato gani, halafu kwa kila kijiji unachanganya majibu mawili, ukimpa uzito zaidi asiyetikisika. Tuseme utafiti unasema 14,000 na rekodi zinaashiria 12,000, na mtikisiko wa utafiti, ukipimwa kwa mraba, ni mara tatu ya ule wa rekodi. Utafiti unapata robo ya uzito, rekodi robo tatu: kadirio ni 12,500. Kijiji kimeazima nguvu kwa wenzake. Leo Marekani hutoa kipato cha kati cha kila kaunti kila mwaka kwa njia ya ukoo huohuo, ikiazima kutoka kwenye kodi na orodha za wanaopata msaada wa chakula.

Sisi tutaazima kwa nani? Mkulima wa Kinango hana marejesho ya kodi yenye maana. Tunachokuwa nacho ni sensa, ambayo haiulizi matumizi lakini huuliza kila nyumba ina paa gani, maji yanatoka wapi, aliyesoma zaidi amefika darasa la ngapi. Kenya ilifanya hivyo mapema: ramani za umaskini zilizotolewa mwaka 2003 zilichukua utafiti wa kaya wa 1997, zikajifunza humo uhusiano wa paa, elimu na matumizi, kisha zikaupeleka uhusiano huo kwenye kila nyumba ya sensa ya 1999. Njia hiyo inaweza kushuka hadi lokesheni, yaani eneo la chifu, mahali ambapo utafiti peke yake ungekuwa kipofu.

Ila pwani ina mtego wake hapo: makuti. Mahali pengi pa Kenya paa la majani ni alama ya ufukara, na kanuni iliyojifunza nchi nzima itaamini hivyo. Nenda Diani. Paa la makuti lililosukwa vizuri, lenye mwinuko mkali, limefunika bwawa la kuogelea na chumba ambacho usiku mmoja unapita mshahara wa mwezi wa mlinzi wa getini, anayelala chini ya mabati. Kanuni isiyojua pwani itamweka mwenye nyumba kwa maskini na mlinzi kwa wenye nafuu.

Kuna wanaopendekeza taa za usiku zinazoonekana kwa setilaiti kama njia ya kujaza miaka isiyo na utafiti. Kwa nchi nzima zinasaidia. Kwa Kwale zitakuonyesha ukanda wa Ukunda hadi Diani ukiwaka na Kinango kiza, jambo ambalo ulilijua ukiwa ndani ya matatu. Mimi ningeegemea zaidi ukijani wa ardhi, ambao mamlaka ya kukabiliana na ukame tayari huufuatilia, kwa sababu malisho na mahindi ndiyo akaunti ya benki ya nusu ya kaunti hiyo. Hata hivyo ukijani haujui kama kijana wa Mombasa ametuma M-Pesa.

Haya yote yangekuwa michezo ya wasomi kama fedha zisingefuata tarakimu. Zinafuata. Fomula ya kwanza ya kugawa mapato baina ya kaunti ilitoa asilimia 20 ya uzito kwa umaskini, ya pili ikatoa 18, ya tatu, iliyopitishwa na Seneti mwaka 2020 baada ya mvutano mrefu, ikatoa 14. Kwale pia ilikuwa miongoni mwa kaunti 14 zilizotajwa mwanzoni kuwa zimeachwa nyuma na kustahili Hazina ya Usawazishaji, mfuko wa kitaifa wa kuzinyanyua. Kosa la pointi chache katika utafiti wa kaya 460 linaweza kusafiri hadi kwenye dawa za zahanati.

Na sasa mgodi umefungwa. Hesabu za miaka inayokuja zitakapotoka, pato la kaunti ya Kwale litakuwa limekosa kipande ilichokuwa nacho tangu 2014, na patakuwa na vichwa vya habari kuhusu kaunti kuporomoka. Waliokuwa na kazi mgodini, na mama waliowauzia chakula cha mchana, wataona tofauti mfukoni. Mama wa Matuga, ambaye nyumba yake iko karibu zaidi na katikati ya foleni, karani akimkuta tena barazani atamwuliza kuhusu unga wa siku saba, na ataonyesha debe kwa kiganja.